Mgombea Mwenza na Mabenki: Fundisho la Uchaguzi wa Marekani wa Mwaka 1896

Utangulizi

Katika mijadala yetu ya siasa swali la uongozi huchukuliwa mara nyingi kana kwamba ni swali la mtu mmoja tu, yaani yule aliye mbele. Nani agombee? Ana sifa zipi? Umma unamwamini kiasi gani? Swali la nani asimame pembeni yake huachwa hadi mwisho, na hujibiwa haraka haraka kwa hesabu za ukanda, za umri au za mfuko. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba nafasi hiyo ya pili ni mahali ambapo chama hujifunua bila kutaka. Ilani huandikwa kwa ajili ya umma. Nafasi ya pili mara nyingi hugawiwa kwa ajili ya wale ambao chama kinawaogopa au kinawahitaji.

Mfano tutakaouchambua ni uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka 1896. Katika uchaguzi huo hasira ya wakulima dhidi ya mabenki makubwa ilikuwa imefika kileleni. Mgombea mmoja, William Jennings Bryan wa jimbo la Nebraska, alijikuta ana wagombea wenza wawili kwa wakati mmoja, waliotoka katika vyama viwili. Mmoja alikuwa rais wa benki. Mwingine alikuwa mtetezi wa wakulima ambao benki na wenye maduka walikuwa wamewafunga kwa madeni. Kisa hiki kinatuhusu sisi tunaosoma historia ya mapambano ya matabaka, na kinatuhusu pia kwa sababu utaratibu wa mgombea mwenza sasa ni wetu: Tanzania imeutumia tangu uchaguzi wa 1995, na Kenya tangu ule wa 2013.

Je, Bryan alishindwa kwa sababu ya mwenzake? La. Jibu jepesi la namna hiyo halitusaidii. Swali linalofaa ni hili: uchaguzi wa mwenzake ulionyesha nini juu ya nguvu zilizokuwa zikigombania chama chake, na uliwafanya nini wakulima waliokuwa na chama chao wenyewe?

Msingi wa Mgogoro: Deni na Bei

Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya mwaka 1861 hadi 1865, ubepari wa Marekani ulikua kwa kasi kubwa. Reli zilienea kutoka pwani hadi pwani, viwanda vikaongezeka, na mitaji ikajikusanya New York na miji mingine ya mashariki. Lakini mkulima mdogo, ambaye ngano na pamba yake ndiyo iliyouzwa nje ili kuleta fedha za kigeni, alizidi kudidimia.

Kusini mwa nchi, mkulima wa pamba, awe mweusi aliyetoka utumwani au mweupe maskini, hakuwa na benki ya kumkopesha. Sheria za mabenki za mwaka 1863 na 1864 ziliyapa mabenki ya kitaifa haki ya kutoa noti kwa kuweka hati za dhamana za serikali, na wakati huohuo ziliyakataza kukopesha kwa rehani ya ardhi. Mabenki hayo yalirundikana mashariki. Kwa hiyo mkulima wa kusini alikwenda kwa mwenye duka. Huyo alimpa mbegu, unga na nguo kwa mkopo, kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, na akaweka rehani juu ya mazao ambayo hayajaota bado. Msimu ukiisha pamba yote ilikwenda kwa mwenye duka, na mara nyingi haikutosha kulipa. Deni likavuka kwenda mwaka wa pili, na mkulima akafungwa kulima pamba tena, kwa kuwa mwenye duka hakukubali rehani ya zao jingine. Naye mwenye duka alikuwa amekopa kwa wakubwa zake wa mijini. Huo ulikuwa mnyororo wa unyonyaji wenye pete nyingi: pete ya kwanza ilikuwa shambani, ya mwisho ilikuwa New York.

Magharibi, mkulima wa ngano wa Kansas au Nebraska aliweka ardhi yake rehani kwa makampuni ya mikopo ya mashariki, na akalipa nauli iliyopangwa na wenye reli kama walivyotaka.

Juu ya hayo yote kulikuwa na suala la sarafu. Sheria ya mwaka 1873 iliondoa dola ya madini ya fedha katika orodha ya sarafu zilizotengenezwa, na kuanzia 1879 noti za karatasi zilibadilishwa kwa dhahabu. Uchumi ulipanuka, watu wakaongezeka, lakini dhahabu haikuongezeka kwa kiasi hicho. Matokeo yake bei zilishuka mwaka hadi mwaka. Kushuka kwa bei humpendeza anayedai na humwangamiza anayedaiwa. Tuchukue mfano wa hesabu: mkulima anakopa dola 100 wakati ratili ya pamba ni senti 10. Deni lake ni sawa na ratili 1,000. Bei ikishuka hadi senti 5, deni bado ni dola 100, lakini sasa lazima azalishe ratili 2,000 ili kulilipa, mbali na riba. Hajakopa zaidi, bali jasho analodaiwa limeongezeka maradufu. Hilo ndilo lililotokea hasa: mwaka 1894 pamba ilishuka hata kufikia karibu senti 5 kwa ratili.

Katika lugha yetu neno moja, fedha, ni jina la madini na pia ni jina la pesa. Ugomvi wa Wamarekani wa wakati ule ulikuwa juu ya kutenganishwa kwa vitu hivyo viwili. Wakulima walidai madini ya fedha yawe tena pesa, kwa uwiano wa 16 kwa 1 na dhahabu, ili pesa ziongezeke mikononi mwa watu na bei zipande. Mabenki yalidai dhahabu peke yake.

Wakulima Wajipanga

Wakulima hawakukaa kimya. Kutoka Texas, kuanzia miaka ya mwisho ya 1870, lilikua shirika lililoitwa Muungano wa Wakulima. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ushirika: kununua pembejeo pamoja na kuuza pamba pamoja, ili kumruka mwenye duka. Walituma wahadhiri vijijini kufundisha uchumi, na hapo ndipo mamia kwa maelfu ya wakulima walipojifunza kwa mara ya kwanza kwamba umaskini wao una chanzo kinachoweza kutajwa. Wakulima weusi, ambao hawakuruhusiwa kuingia katika Muungano huo, waliunda wa kwao huko Texas mwaka 1886.

Lakini ushirika ulihitaji mikopo, na wenye mikopo walikuwa walewale mabenki. Ushirika mkubwa wa Texas ulikwama kwa sababu hiyo. Kutokana na fundisho hilo, mwaka 1889 Charles Macune alitoa mpango ambao sisi tunauona kuwa ndio wazo la ndani kabisa la vuguvugu lile: serikali ijenge maghala katika wilaya za kilimo, mkulima aweke mazao yake humo, na apewe na serikali mkopo wa asilimia 80 ya thamani yake kwa riba ndogo. Hivyo mkulima angengoja bei nzuri badala ya kuuza siku ya mavuno, na mwenye duka pamoja na benki wangeondolewa katikati. Mpango huo uligusa swali la nani atawale mikopo ya taifa. Swali la sarafu iwe ya madini gani lilikuwa dogo kuliko hilo.

Mwezi Julai 1892 huko Omaha, Nebraska, wakulima na baadhi ya vyama vya wafanyakazi walipitisha ilani ya Chama cha Umma, ambacho wafuasi wake waliitwa Wapopulisti. Ilani ilidai mpango wa maghala au ulio bora zaidi, sarafu ya madini ya fedha, kodi ya mapato inayopanda kwa kadiri ya pato, benki za akiba za posta, na umilikaji wa serikali juu ya reli na simu. Mgombea wao alikuwa James B. Weaver wa Iowa, aliyepigana upande wa Kaskazini katika vita. Mwenzake alikuwa James G. Field wa Virginia, aliyepigana upande wa Kusini. Hapo mwenza alichaguliwa kwa maana ya kisiasa iliyo wazi: mkulima wa Kaskazini na wa Kusini wasahau bendera za vita na waone adui wa pamoja. Chama hicho kichanga kilipata kura zaidi ya milioni moja na kura 22 za wajumbe wa uchaguzi. Mwaka 1894 wagombea wake wa ubunge walipata karibu kura milioni moja na nusu.

Haifai tufiche udhaifu wake. Umoja wa weusi na weupe ulikuwa na mipaka mikubwa. Mwaka 1891 wakulima weusi walipogoma kuchuma pamba wakidai ujira bora, mgomo ulizimwa kwa kumwaga damu huko Arkansas, na viongozi weupe wa Muungano hawakuwaunga mkono, kwani baadhi yao ndio walikuwa waajiri. Hata hivyo, kiongozi kijana wa Georgia, Thomas E. Watson, alisimama hadharani mwaka 1892 akiwaambia wakulima weusi na weupe kwamba wanatenganishwa ili wakamuliwe kila mmoja peke yake. Kwa Kusini ya wakati ule maneno hayo yalikuwa ya hatari. Watson, aliyekuwa ameingia Bungeni mwaka 1890, alipokonywa kiti chake mwaka 1892 na akashindwa tena mwaka 1894, katika chaguzi zilizojaa wizi wa kura.

Serikali Mikononi mwa Mabenki

Mwaka 1893 mfumo ulipasuka. Reli kubwa zilifilisika, na mamia ya mabenki yakafunga milango. Wafanyakazi wakatupwa mitaani. Rais Grover Cleveland, wa Chama cha Democratic, alijibu kwa kuitisha Bunge na kufuta sheria ya 1890 iliyoilazimu serikali kununua madini ya fedha. Mwaka 1894 alituma majeshi kuvunja mgomo wa wafanyakazi wa reli ulioanzia kwenye kiwanda cha Pullman karibu na Chicago.

Kitendo kilichochoma roho za watu zaidi kilikuwa cha Februari 1895. Akiba ya dhahabu ya serikali, ambayo kwa desturi haikutakiwa kuwa chini ya dola milioni 100, ilikuwa imeshuka chini ya milioni 50. Cleveland akaingia mkataba na J. P. Morgan na August Belmont, wakala wa nyumba ya Rothschild. Wao walete wakia milioni 3.5 za dhahabu. Serikali iwape hati za dhamana za miaka 30 zenye thamani ya dola milioni 62 hivi. Kundi la mabenki lilinunua hati hizo kwa bei ya 104½ na kuzitoa sokoni kwa 112¼. Serikali ya taifa lenye mashamba mapana kuliko yote ilikuwa imekwenda kuomba kwa mwenye benki, na mwenye benki alikuwa ametaja bei yake.

Baada ya hapo Democratic wa kusini na magharibi hawakuweza tena kusimama mbele ya wapiga kura wao wakiwa na Rais huyo. Ama chama kimkane Rais wake, ama Wapopulisti wachukue wapiga kura wake. Huo ndio mkabala waliokwenda nao Chicago.

Chicago: Ilani Yasema Hivi, Orodha Yasema Vile

Chama cha Republican kilikutana St. Louis mwezi Juni 1896. Kilimchagua William McKinley wa Ohio na kutangaza kulinda dhahabu. Mwenzake alikuwa Garret Hobart wa New Jersey, wakili na mkurugenzi wa makampuni mengi. Hapo hapakuwa na utata: ilani na watu vililingana, kwani chama cha mitaji kiliwachagua watu wa mitaji.

Democratic walikutana Chicago kuanzia Julai 7. Ilani yao ilikuwa ya kushangaza kwa chama kilichokuwa madarakani. Ilidai sarafu ya madini ya fedha kwa 16 kwa 1. Ililaani biashara ya serikali na makundi ya mabenki, ikapinga mabenki ya kitaifa kutoa noti, na ikatetea kodi ya mapato ambayo Mahakama Kuu ilikuwa imeifuta mwaka 1895. Tarehe 9 Julai Bryan, kijana wa miaka 36, alihutubia. Alisema mkulima na mfanyakazi wa ujira ni wafanyabiashara sawa na mwenye benki, na akamalizia kwa mfano wa wanadamu kusulubiwa juu ya msalaba wa dhahabu. Kesho yake, katika upigaji kura wa mara ya tano, akawa mgombea.

Kisha ikaja nafasi ya pili. Tarehe 11 Julai, tena katika upigaji kura wa mara ya tano, mkutano ulimchagua Arthur Sewall wa mji wa Bath, jimbo la Maine. Sewall alikuwa mjenzi wa merikebu, mtu wa reli, na rais wa benki ya kitaifa ya mji wake. Yaani chama kilichokuwa kimetoka kupitisha ilani ya kuyapokonya mabenki ya kitaifa haki ya kutoa noti kilimteua mkuu wa benki ya kitaifa kuwa mtu wake wa pili.

Tuwatendee haki waliomchagua. Walikuwa na sababu. Sewall aliunga mkono madini ya fedha kwa dhati, jambo lililomtenga na matajiri wenzake wa mashariki. Bryan alitoka magharibi, hivyo ukanda ulitaka mtu wa mashariki. Chama kilikuwa hakina pesa kwa kuwa wafadhili wake wa zamani walikuwa wamekimbia, na ilitumainiwa kwamba tajiri wa merikebu angefungua mfuko. Isitoshe, jina lake lilikusudiwa kuwaambia wenye mali: msiogope, hatuji kuwapindua.

Hapo ndipo penye kiini. Ujumbe huo wa mwisho ulikuwa wa kweli. Viongozi wa Democratic walikuwa wamekubali kubadili madini ya sarafu, lakini hawakuwa wamekubali kubadili mwenye kutawala mikopo. Mpango wa maghala haukuwemo katika ilani yao. Umilikaji wa reli haukuwemo. Kwa mtazamo huo Sewall alilingana kabisa na ilani, ikisomwa kwa kina. Dai la madini ya fedha lilikuwa dai ambalo hata mwenye benki angeweza kulibeba, na hata wenye migodi ya Colorado na Nevada walilifurahia kwa faida yao wenyewe.

St. Louis: Namba Mbili Kabla ya Namba Moja

Wapopulisti walikuwa wamefanya kosa la hesabu. Walipanga mkutano wao uwe wa mwisho, Julai 22, wakiamini vyama vyote viwili vitachagua dhahabu na wenye hasira wote watakuja kwao. Walipofika St. Louis walikuta wenzao wamekwisha chukua dai lao linalojulikana zaidi pamoja na msemaji hodari kuliko wote.

Mkutano uligawanyika. Upande mmoja, hasa wajumbe wa magharibi, ulisema: tumuunge mkono Bryan, tusigawe kura, ama sivyo McKinley atapita. Upande wa pili, hasa wa Texas na Georgia, ulisema: tukimchukua mgombea wao tumekwisha, kwa sababu Kusini hao Democratic ndio wanaotuibia kura na kutupiga risasi. Pande zote mbili zilisema kweli. Mkulima wa Nebraska alipambana na Republican, na Democratic alikuwa mshirika wake. Mkulima wa Georgia alipambana na Democratic. Chama kimoja, hali halisi mbili.

Suluhu iliyopatikana ilikuwa ya ajabu. Mkutano uliamua kugeuza utaratibu, umchague kwanza Makamu wa Rais, kisha Rais. Waliotaka msimamo walidhani kwa njia hiyo watamwondoa Sewall. Waliotaka muungano walidhani wakishawatuliza hao kwa namba mbili, watapata namba moja. Watson, ambaye hakuwepo na alikuwa nyumbani Georgia, alichaguliwa katika upigaji kura wa kwanza. Alikubali akiamini kwamba Democratic watamwondoa mwenye benki. Bryan alikuwa ametuma simu kwamba hatakubali uteuzi bila Sewall, lakini mwenyekiti wa mkutano, Seneta William Allen wa Nebraska, hakuwasomea wajumbe habari hiyo. Kesho yake, Julai 25, Bryan alipata kura 1,042 dhidi ya 321.

Sewall hakuondolewa. Bryan hakumkana Watson wala hakumkubali. Watson alizunguka Texas, Kansas na Nebraska akidai mwenye benki ajiuzulu, huku viongozi wa chama chake mwenyewe wakifanya mikataba na Democratic jimbo kwa jimbo, ya kugawana majina ya wajumbe wa uchaguzi.

Hatari ya mpango huo haikuwa ya heshima tu. Kura za wajumbe wa uchaguzi mwaka ule zilikuwa 447, na mshindi alihitaji 224 kwa kila nafasi peke yake. Kama Bryan angepata, tuseme, 230, na 27 kati ya hizo zikaenda kwa Watson, Sewall angebaki na 203, chini ya Hobart mwenye 217. Hakuna ambaye angefika 224. Katiba inasema hapo Baraza la Senate lichague kati ya wawili wa juu, yaani Hobart au Sewall. Mtu wa wakulima asingekuwa hata katika orodha. Hivyo ujanja wa kuwa na wenza wawili ungeweza kumweka mtu wa makampuni karibu na kiti, na usingeweza kwa njia yoyote kumweka mkulima.

Matokeo

Kampeni ya McKinley, chini ya Mark Hanna, mwenye viwanda wa Ohio, ilichangisha dola zipatazo milioni 3.5 kutoka mabenki, reli na makampuni makubwa. Bryan alikuwa na laki chache tu. Badala ya pesa alitumia miguu na koo: alisafiri maili 18,000 hivi na kuhutubia mara mia sita hivi. Mfuko wa Sewall haukuziba pengo hilo.

McKinley alipata kura milioni 7.1 na Bryan milioni 6.5, za wajumbe, 271 kwa 176. Katika nafasi ya pili Sewall alipata 149 na Watson 27. Bryan alishindwa katika majimbo yote ya kaskazini mashariki, pamoja na Maine, nyumbani kwa Sewall. Wafanyakazi wa viwandani hawakuvutiwa vya kutosha na dai la kupandisha bei, kwa kuwa wao walinunua mkate, hawakuuuza. Mwenye benki aliyewekwa kuwatuliza wenye mali hakumtuliza hata mmoja, na aliwavunja moyo wale waliokuwa tayari kujitoa mhanga.

Chama cha Umma hakikuinuka tena kitaifa. Huko Kusini, tabaka tawala lililotishwa na uwezekano wa maskini weusi na weupe kupiga kura pamoja liliharakisha kazi ya kuwanyang'anya weusi kura, na maskini wengi weupe pamoja nao: Louisiana 1898, North Carolina 1900, Alabama 1901, Georgia 1908. Mjini Wilmington, North Carolina, mwezi Novemba 1898, serikali ya mji iliyochaguliwa kwa ushirikiano wa Wapopulisti na Republican, wakiwemo weusi, ilipinduliwa kwa bunduki na watu weusi wakauawa.

Naye Watson? Aligeuka. Mtu yule aliyetetea umoja wa wakulima wa rangi zote akawa miaka ya baadaye mchochezi wa chuki dhidi ya weusi, Wakatoliki na Wayahudi, na kwa chuki hiyo akafika Senate mwaka 1920. Hatusemi kwamba kushindwa kwa 1896 kunamtetea. Tunasema kwamba hasira isiyo na chama chenye nidhamu na itikadi haipotei hewani. Hutafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni kumpiga mnyonge mwenzake.

Kuhusu sarafu yenyewe, ugomvi ulimalizwa na Afrika kwa sehemu kubwa. Dhahabu ya Witwatersrand, iliyogunduliwa mwaka 1886, ilianza kumiminika sokoni kwa wingi, kwa msaada wa njia mpya ya kemikali ya kuitoa katika mawe na kwa nguvu za Waafrika waliolipwa ujira duni, wengi wao kutoka kusini mwa Msumbiji. Dhahabu ya Klondike ikaongezeka. Bei za mazao zikapanda, hasira ikapoa, na mwaka 1900 Marekani iliitia dhahabu katika sheria. Nafuu ya mkulima wa Kansas ilichimbwa na mchimbaji wa Afrika Kusini, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua.

Mafunzo

Kwanza, hasira ya umma dhidi ya mabenki ni nguvu, lakini bado si siasa. Inageuka siasa pale inapotaja ni chombo gani kibadilishwe na kiwe mikononi mwa nani. Wakulima wa 1889 walikuwa wamefika hapo kwa mpango wa maghala. Wale wa 1896 walirudi nyuma hadi kwenye madini ya sarafu, kwa sababu dai hilo lilikuwa jepesi kuimba jukwaani. Dai jepesi kuimba ni jepesi pia kuporwa.

Pili, mgombea mwenza hawezi kusahihisha ilani. Wapopulisti walidhani kwamba wakimweka mtu wao katika nafasi ya pili wameuokoa msimamo wao. Lakini walikuwa wamekwisha utoa msimamo huo walipokubali namba moja isiyoukiri. Mtu mmoja, hata awe shujaa, habebi peke yake mzigo ambao chama chake kimeutua.

Tatu, nafasi ya pili si nafasi ya kulipia deni wala ya kutupia mtu. Hobart alifariki Novemba 1899. Mwaka 1900 wakubwa wa Republican wa New York, waliotaka kumwondoa Gavana Theodore Roosevelt jimboni kwao, walimsukuma awe mwenza wa McKinley. Septemba 1901 McKinley aliuawa, na yule waliyemfukuza kwa kumpandisha akawa Rais. Anayechagua mwenza anachagua kiongozi. Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza, kabla ya ukanda na kabla ya mfuko.

Nne, madai ya haki hayafi na chama chake. Benki za akiba za posta ziliruhusiwa mwaka 1910. Kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta kwa kura za wananchi viliingia katika katiba mwaka 1913. Lakini yalitekelezwa na wengine, kwa wakati wao na kwa kadiri waliyoona haiwadhuru. Mwaka huohuo wa 1913 mfumo wa Federal Reserve uliundwa, na mabenki binafsi yakapewa sauti ndani yake. Dai la kwamba mikopo ya taifa iwe mikononi mwa wazalishaji lilibaki nje.

Sisi ambao nchi yetu ilitaifisha mabenki Februari 1967, na ambao tangu sheria ya mwaka 1991 tumeyaona mabenki binafsi yakirudi, hatuna sababu ya kusoma habari hizi kama za watu wa mbali. Mkulima anayeuza siku ya mavuno kwa kuwa hawezi kungoja yupo, na riba inayomla ipo. Kazi ya kada ni kumsaidia aulize kila anayekuja kuomba kura, pamoja na yule aliyesimama pembeni yake: ghala litakuwa la nani, mkopo utatoka wapi, na nani atakayeupangia riba?